Mbili kwa Watatu

Boroni ni elementi ya tano kwenye jedwali, kati ya berili na kaboni. Sehemu kubwa ya boroni iliyopo ulimwenguni haikupikwa ndani ya nyota kama kaboni au chuma. Ilitokana na kugongana: mionzi ya anga, inayosafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, hugonga viini vya kaboni na oksijeni vilivyotawanyika katikati ya nyota, vikavunjika, na baadhi ya vipande vikawa boroni. Ndiyo maana ni haba. Tunaijua zaidi kwa watoto wake: boraksi, na vile vioo vya maabara unavyoviweka kwenye moto visipasuke. Boroni yenyewe, ikiwa peke yake, wengi hatujaiona. Mimi huu ni mwaka wa pili wa shahada ya uzamili naisoma, na sijawahi kuishika. Naijua kwa hesabu tu.

Hesabu inaanza hivi. Atomu ya boroni ina elektroni tano. Mbili zimejibana karibu na kiini na hazishughuliki na majirani. Zinabaki tatu za kushirikiana na wengine, ilhali vyumba vya kuziweka ni vinne. Kaboni, jirani yake wa kulia, ina elektroni nne kwa vyumba vinne, kwa hiyo mambo yake ni nadhifu: kila elektroni inapata mwenzake kutoka kwa atomu nyingine, unachora mstari mmoja kati ya atomu mbili, na mstari huo maana yake ni elektroni mbili. Kwa mistari ya namna hiyo tunachora sukari, petroli, panadoli na sehemu kubwa ya mwili wa binadamu. Ukijaribu kuichora boroni vivyo hivyo, mistari inakwisha kabla atomu hazijafungwa zote.

Kitabu chetu cha kidato cha tano kilikuwa na jina la hali hiyo. Nililisoma kwa Kiingereza, kama tulivyosoma kila kitu baada ya darasa la saba, lakini kichwani lilijitafsiri lenyewe: upungufu wa elektroni. Boroni ni pungufu. Nakumbuka nilisimama kwenye neno hilo kuliko lilivyostahili, kwa sababu nilikuwa nalijua. Ndilo neno ambalo mjomba mmoja alilitumia kuhusu nyumba yetu baada ya msiba wa baba, akiwa kibarazani na wazee wenzake, akidhani watoto wamelala. Nyumba ile sasa ina upungufu.

Mwaka 2013 tulikuwa watatu sekondari kwa mpigo: dada kidato cha tatu, mimi cha pili, mdogo wetu cha kwanza. Hii ni kabla ya mwaka 2016, serikali ilipofuta ada katika shule zake za sekondari. Ada ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, fedha ambayo ukiitaja leo watu wanacheka, lakini juu yake palikuwa na michango: ya mlinzi, ya dawati, ya mtihani wa majaribio, ya rimu ya karatasi, ya chakula cha mchana. Mama alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na maharage ya kuchemsha jioni. Biashara ile ilitosha kusomesha watoto wawili, na kuwatosha vizuri kabisa. Sisi tulikuwa watatu.

Mama hakuchagua. Alizungusha. Mwezi huu dada na mimi tumelipiwa, mdogo wetu anarudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Mwezi ujao mdogo wetu analipiwa, narudishwa mimi. Tukizoea zamu, tulianza hata kuitania. Anayerudishwa alipewa kazi ya kuuza vitumbua vilivyobaki, na vingine alivila njiani. Ukituangalia kwa mwaka mzima, kila mmoja wetu alikuwa amesomeshwa theluthi mbili.

Sasa nirudi kwenye kemia, maana hapa ndipo nilipoikuta picha ileile, na hapa ndipo kemia ilipoikataa.

Mfano mdogo wa tatizo la boroni ni daiborani: atomu mbili za boroni na sita za haidrojeni. Alfred Stock, mkemia wa Ujerumani, alianza kuchunguza familia hii ya misombo kuanzia mwaka 1912. Ni misombo inayowaka au kuharibika ikiguswa na hewa, kwa hiyo alibuni mitambo ya vioo iliyofungwa isiingize hewa, yenye vali za zebaki. Zebaki ile ilimharibu afya polepole, na alitumia miaka yake ya baadaye kuwaonya wenzake juu ya mvuke wake. (Kila nikisikia mtu anasema kemia ya kompyuta si kemia ya kweli, namfikiria Stock na vali zake.) Tatizo la daiborani lilikuwa la kuhesabu tu. Ukiichora kama ethani, yaani boroni mbili zimeshikana na kila moja imebeba haidrojeni tatu, unahitaji mistari saba, sawa na elektroni kumi na nne. Zilizopo ni kumi na mbili. Na molekuli ipo, iko kwenye chupa, haijali kwamba hesabu imekataa.

Jibu lililoshinda lilichapishwa mwaka 1943 huko Oxford na R. P. Bell pamoja na mwanafunzi wake, Christopher Longuet-Higgins, kijana wa miaka ishirini ambaye hata shahada ya kwanza alikuwa hajaimaliza. Walisema haidrojeni mbili hazikai upande wowote. Zinakaa katikati, kama daraja, kila moja ikiwa imeshikwa na boroni zote mbili. Katika kila daraja kuna atomu tatu, na elektroni zinazozishikilia ni mbili tu. Mbili kwa watatu. Wazo hilo lilikuja kupanuliwa na William Lipscomb kwa misombo mikubwa zaidi ya boroni na haidrojeni, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1976.

Mwalimu anapofundisha jambo hili mara nyingi hutumia zamu. Anachora bondi kati ya atomu ya kwanza na ya pili, halafu mshale wenye ncha mbili, halafu bondi kati ya ya pili na ya tatu. Mwanafunzi anaondoka akiamini elektroni zinaruka: sasa ziko huku, sasa ziko kule, na atomu ya tatu inasubiri. Mimi niliamini hivyo, na kwa sababu ya maisha ya nyumbani niliamini kwa moyo wote. Ni ile ratiba ya mama.

Sivyo ilivyo. Michoro ile miwili ni udhaifu wa kalamu zetu, ambazo zinajua kuchora mistari tu. Elektroni zile mbili hazina dakika hata moja zinapokuwa kwa wawili na kumwacha wa tatu. Wingu lao limetanda juu ya atomu zote tatu kwa wakati uleule, na ndiyo sababu nishati yake iko chini: elektroni ikipata eneo kubwa la kutanda, hutulia zaidi kuliko ikibanwa. Hakuna anayesubiri wala anayerudishwa nyumbani. Nilipolielewa hili vizuri, nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza, wenzangu waliandika wakaendelea na slaidi inayofuata. Mimi nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba palikuwa na njia nyingine.

Ukiziondoa haidrojeni zote ukaacha boroni peke yake, atomu nane, tisa, kumi na mbili, kumi na tatu, unapata kitu tunachokiita klasta. Ndizo ninazozisoma. Mwaka 1988 Luke Hanley, Jerry Whitten na Scott Anderson, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio ya klasta za boroni zenye chaji chanya, kuanzia atomu mbili hadi kumi na tatu. Walivukiza boroni kwa leza, wakazipanga klasta kwa uzito, halafu wakazigonganisha na gesi kuona zinavunjikaje. Klasta ya kumi na tatu ilijitokeza kuwa imara kupita jirani zake. Nambari za namna hiyo tunaziita nambari za ajabu, na mtu akikuta nambari ya ajabu lazima aulize kuna umbo gani nyuma yake.

Dhana ya kwanza ilikuwa ya busara. Boroni ngumu, ile ya kwenye tofali la maabara, imejengwa kwa vibunda vya atomu kumi na mbili vyenye nyuso ishirini, karibu kama mpira. Kwa hiyo kumi na mbili ziwe ganda, na ya kumi na tatu ikae katikati. Picha nzuri, na haikuwa kweli. Miaka ya tisini hesabu za kompyuta zilionyesha kwamba kibunda kile kikiachwa peke yake kwenye ombwe hakikai, kinafunguka. Mwaka 1991 Kawai na Weare walionyesha hivyo kwa atomu kumi na mbili, na kabla muongo haujaisha ilikuwa imejulikana kwamba hata ile kumi na tatu yenye chaji ni bapa. Bapa kama chapati. Atomu kumi pembeni, tatu ndani.

Kuna kitu cha kuchekesha hapo. Kaboni, tajiri wa mistari, ikiwa ndogo sana hupenda kujipanga kwa minyororo na pete. Boroni, isiyo na mistari ya kutosha, inajitandaza kwenye pembetatu zilizobanana, kila atomu ikigusa jirani wengi iwezekanavyo. Asiye na chake anakaa karibu na watu.

Klasta ya kumi na mbili ndiyo niipendayo. Atomu tisa ukingoni, tatu katikati zimenyanyuka kidogo kama tako la bakuli. Elektroni za nje ni thelathini na sita. Kumi na nane kati yake ni za kawaida, zinaunganisha atomu mbilimbili kuzunguka ukingo, na hizo kalamu inaweza kuzichora. Zinazobaki ni za wote. Sita miongoni mwake hutanda juu na chini ya bapa lote, na sita ni nambari ileile inayoifanya benzini itulie, kwa kanuni iliyotokana na kazi ya Erich Hückel ya mwaka 1931. Ukubwa wa umbo si uleule, wala elementi, lakini utulivu unatoka mahali pamoja. Klasta ya tisa yenye elektroni moja ya ziada inapita hapo: ni gurudumu, atomu nane zikiizunguka moja, na ile ya katikati imeguswa na jirani wanane. Mwalimu wangu wa kidato cha tano angenipa sifuri. Elektroni zake ni ishirini na nane: kumi na sita za ukingo, sita za kutanda juu na chini, na sita nyingine za kutanda ndani ya bapa lenyewe.

Tunajuaje? Hakuna aliyepiga picha. Katika maabara ya Lai-Sheng Wang, ambayo siku hizi iko Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, leza inapiga boroni, mvuke unapoozwa na gesi ya heli, klasta zenye elektroni ya ziada zinachaguliwa kwa uzito, na leza ya pili inazing'oa elektroni. Kinachopimwa ni jinsi elektroni zilivyokuwa zimeshikwa kwa nguvu. Matokeo ni mchoro wa vilima, hauonyeshi umbo hata kidogo. Sasa mtu mwingine, wa kompyuta, anakuja na maumbo yanayowezekana, anakokotoa kila moja lingetoa vilima gani, na linalofanana ndilo. Kwa njia hiyo Wang na wenzake, akiwemo Alexander Boldyrev wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, waliligundua lile gurudumu mwaka 2003, na kwa njia hiyohiyo mwaka 2014 likatangazwa tundu la atomu arobaini, kama taa ya karatasi, ambalo magazeti yaliliita mpira wa boroni.

Mimi niko upande wa kompyuta. Nimekulia Morogoro, chini ya Uluguru, na sijapata mfano bora wa kazi yangu kuliko mlima ule. Kila mpangilio wa atomu ni mahali mlimani, na kimo chake ni nishati. Unamwaga maji popote, yanateremka mpaka yakwame. Lakini yalipokwama si lazima pawe chini kabisa. Pengine ni dimbwi tu katikati ya mteremko, na bonde la kweli liko nyuma ya ukingo. Kwa hiyo unamwaga tena mahali pengine, mara elfu, na idadi ya madimbwi inaongezeka vibaya kila unapoongeza atomu. Natumia programu iitwayo ORCA, ambayo ni bure kwa wanaosoma, na naituma kazi kwenye mashine nyingi zilizounganishwa, ambazo nazo, kwa bahati mbaya, zinaitwa klasta. Nimewahi kumwambia mama kwamba klasta yangu imezidiwa na klasta zangu. Aliniombea.

Mjomba yule wa kibarazani, ambaye kwa haki alichangia nauli zangu, huuliza kila sikukuu kitu hiki kina faida gani. Namjibu kwamba mwaka 2015 huko Marekani walitandika boroni ya unene wa atomu moja juu ya fedha, na kwamba iliyotabiri jambo kama hilo ni klasta bapa hizihizi. Fedha gani, anauliza. Namwambia madini. Anatikisa kichwa. Jibu la kweli ni kwamba klasta ninazozisoma haziwezi kuwekwa kwenye chupa. Zinaishi kwenye ombwe, kwa muda mfupi sana, kila moja peke yake. Zikikutana zinamezana.

Na hapo ndipo neno uthabiti linapohitaji uangalifu. Kwenye karatasi zetu uthabiti si sifa ya mtu mmoja, ni kulinganisha. Unachukua nishati ya klasta ya kumi na mbili, unailinganisha na wastani wa ya kumi na moja na ya kumi na tatu. Ikiwa chini ya wastani huo, ni thabiti. Au unauliza swali la Anderson: ukiigonga, kitatoka nini? Katika majaribio yale ya 1988, njia rahisi ya kuvunjika mara nyingi ilikuwa kutoka kwa atomu moja. Inatoka moja, na zinazobaki zinajipanga upya, pengine zikiwa tulivu kuliko jirani zao.

Januari 2014 shule zilipofunguliwa, dada hakuvaa sare. Kwanza alisema kichwa kinamuuma. Halafu akasema amechoka kusoma. Wiki iliyofuata alikuwa kwa fundi mmoja karibu na stendi, anajifunza kushona. Alikuwa anaingia kidato cha nne, alikuwa na mwaka mmoja tu, na kwa alama alikuwa ametuzidi sote wawili. Hakuna aliyemfukuza, na ratiba ya mama ilikuwa bado imebandikwa ukutani jikoni, zamu ya mwezi ule ikiwa ya mdogo wetu kurudishwa. Mama alilia usiku, tukamsikia, tukajifanya hatusikii. Mwezi ule michango ya wawili ililipwa kwa siku yake, kwa mara ya kwanza. Tukawa, kwa lugha ya karatasi zetu, thabiti.

Kwa hiyo sipendi sana watu wanaponiambia, wakisikia habari za boroni, kwamba ni somo zuri la umaskini: tazama, wenye vichache ndio wanaojua kugawana. Mhadhiri mmoja mgeni alisema karibu hivyo kwenye semina, na ukumbi ukapiga makofi. Boroni haigawani kwa wema. Elektroni zake hutanda kwa sababu sheria za ulimwengu mdogo zinaziruhusu kuwa mahali pote pamoja, na shilingi hairuhusiwi hivyo. Shilingi ikiwa kwa mmoja haiko kwa mwingine. Ndani ya klasta ya kumi na mbili hakuna atomu ya kwanza kuzaliwa, inayoangalia wadogo zake na kuhesabu. Hiyo ndiyo tofauti, nami sioni namna ya kuipamba.

Wala siungi mkono neno la kitabu. Upungufu ni hukumu inayotolewa na anayepima kwa mistari. Kaboni ikiwa hakimu, boroni ina kasoro. Lakini klasta ya kumi na mbili haiombi elektroni ya kumi na tisa ya ukingo. Ukiwatazama kwa macho yao hakuna kilichokosekana. Kilichopungua ni kalamu. Hili naweza kulisema juu ya boroni bila wasiwasi. Juu ya nyumba yetu siwezi, kwa sababu kilichopungua pale kina jina na kinashona nguo.

Dada ana duka lake sasa, chumba kimoja chenye cherehani mbili, na mdogo wetu ni muuguzi. Nikienda likizo nalala kwake. Usiku mmoja mwaka jana aliniomba nimwonyeshe hicho kinachonitoa macho. Nilimwonyesha ile ya kumi na tatu yenye chaji chanya, kwa kuwa ndiyo inayotembea. Mwaka 2012 hesabu zilionyesha kwamba tatu za ndani zinaweza kuzunguka ndani ya pete ya kumi karibu bila kizuizi, na mwaka 2017 kikapatikana kwa majaribio, kwa mwanga wa infraredi, ushahidi uliokubaliana na mzunguko huo. Watafiti waliifananisha na injini ya Wankel, ile ya magari ya Mazda RX-8, yenye pembetatu inayozunguka badala ya pistoni. Nambari ya ajabu ya 1988, imara kuliko jirani zake, na haijatulia.

Aliiangalia ikizunguka kwenye skrini kwa muda.

"Hawa wa ndani wanazunguka," akasema. "Na hawa wa nje wanafanya nini?"

Hilo ni swali ambalo msimamizi wangu aliniuliza baada ya wiki tatu. Nikamwambia za nje hazikai vilevile: bondi zao hurefuka na kufupika kidogokidogo, kwa zamu, kuzipisha za ndani. Na za ndani zinaweza kupita kwa sababu hazijashikwa na mistari ya wawiliwawili. Kilichozishika ni wingu, na wingu halijali ni nani amesimama wapi.

"Kama mkono wa gauni," akasema. "Ukikata kwapa kwa kubana sana mtu hainui mkono. Lazima uache nafasi, na nafasi usiiache ionekane."

Akaniuliza hivyo vifimbo ninavyovichora kati ya atomu vinaitwaje kwa Kiswahili. Nikamwambia darasani tunasema bondi. Wapo wanaosema kifungo. Wapo wanaosema muungano, na hilo kwa Mtanzania lina siasa zake tangu 1964. Kiungo nacho ni goti, na ni bizari. Alicheka hapo kwenye bizari. Akasema kifungo hakifai, au kinafaa kwa wale wa kaboni tu, kwa sababu kifungo kina tundu lake moja na kinaingia humo. Akafikiri, akasema hii ya boroni ni kama pindo la mpira kwenye kiuno cha sketi: nguo yote inakusanywa na mpira mmoja, huwezi kusema umeshika hapa au pale.

Nimeiandika kwenye daftari langu la tasnifu, pembeni. Msimamizi hatairuhusu.

Kisha akauliza sasa hivi nafanya ya ngapi. Nikamwambia ya kumi na moja, na kwamba kuna madimbwi mawili yanayokaribiana kimo kiasi kwamba bado sijui lipi ndilo bonde. Akasema nisiharakishe. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi na laptopu ilikuwa imebakiwa na asilimia kumi na tisa, nikaizima. Kazi yenyewe ilikuwa inaendelea kwenye mashine za mbali, hainihitaji. Dada akarudi kwenye cherehani ya kukanyaga. Alikuwa na sare za shule kumi na nne za kukabidhi Jumatatu, sketi za bluu, na zilizokwisha zilikuwa tisa. Nikamshikia tochi ya simu.